Mwaka wa Vitako vya Bunduki

Mwende, binti wa Mutiso, alinipigia simu asubuhi akaniambia baba yake alilala na hakuamka. Alisema hivyo tu. Katika umri wangu mtu hupokea habari za namna hii kama anavyopokea mvua: unaingiza nguo ndani, unaketi. Wiki hiyo hiyo nilikuwa Kamakis, kwenye chumba cha nyuma cha hoteli moja ya nyama choma ambako familia ilikutana kupanga mazishi, kwa sababu nyumba ya Mwende pale Ruiru ni ndogo na watu walikuwa wengi. Tuliomba, tukala, tukazungumza juu ya hema na gari la maiti, huku muziki wa chumba cha mbele ukipita ukutani bila kutuuliza. Mjukuu mmoja wa Mutiso, kijana mwenye nywele za kusukwa, aliniletea supu akaketi kando yangu, akaniita nyanya na marehemu babu kwa Kikikuyu. "Cucu, wanasema wewe na guka mlikuwa mnafanya job moja kitambo. Mlikuwa mnafanya nini?" Nikamwambia tulikuwa tunatengeneza vitako vya bunduki. Akanitazama vizuri. "Kwani mlikuwa magangsta?" Wenzake wakacheka, nami nikacheka nao, kwa kuwa kucheka kulikuwa rahisi kuliko kueleza. Lakini nilipofika nyumbani nilikaa na koti mwilini na viatu miguuni, nikaona kwamba sasa hakuna mtu mwingine aliyebaki wa kuueleza mwaka ule, na kwamba nisipoueleza mimi utazikwa naye.

Wakati huo uwindaji ulikuwa bado halali katika nchi hii. Wageni walikuja kutoka ng'ambo kuwinda nyati na ndovu, na bunduki walizobeba hazikuwa za kupiga kanga. Zilikuwa nzito, risasi zake nene kama kidole gumba cha mwanaume, na zilipofyatuliwa zilirudi nyuma zikampiga mpigaji begani kwa nguvu ambayo sisi tuliiita teke. Teke hilo hupita kwanza kwenye mbao. Kitako, yaani ule mwili wote wa mbao unaobeba chuma na kuishia begani, kisipokuwa imara hupasuka, na mara nyingi hupasukia kwenye shingo, pale mkono unaposhika. Karakana ya Bwana Harbans, katika Eneo la Viwanda hapa Thika, nyuma ya kiwanda cha magunia, ilitengeneza vitako vya bunduki hizo na karibu hakuna kitu kingine. Nilifika pale nikiwa na miaka ishirini na miwili, nimechoshwa na kiwanda cha nguo, ambako nilikuwa nimesimama mbele ya mashine mpaka miguu yangu ikawa kama ya mtu mwingine. Bwana Harbans alikuwa akitafuta mtu mwenye macho makali na mkono usiotetemeka, wa kuchora ile michoro midogo yenye umbo la almasi kwenye shingo ya kitako ili kiganja chenye jasho kisiteleze. Alinipa kipande cha mbao na chombo cha kuchorea, akaenda kunywa chai. Aliporudi aliitazama mistari yangu, akaniuliza kama nina shida ya kufanya kazi na wanaume. Nikamwambia shida yangu ni kusimama. Akaniletea stuli.

Siku hizi, nikifumba macho, harufu ya karakana ile hunijia kabla ya sura za watu: mafuta ya kitani, vumbi la mbao, chuma kilichopashwa moto, na tangawizi ya chai iliyoletwa na mke wa Bwana Harbans kutoka nyumba ya nyuma. Madirisha yalikuwa juu karibu na dari, kwa hiyo mwanga ulishuka kama katika kanisa la zamani. Juu ya boriti zililala mbao za mjozi, zilizokuja kwa meli kutoka ng'ambo, na mbao za mutamaiyu, ule mzeituni wetu wa mwituni ambao ni mgumu hadi unachosha msumeno. Ncha za mbao zote zilipakwa nta ili zikauke polepole, na nyingine zilikuwa zimelala pale tangu sijaanza shule. Chini yake, kwenye meza ndefu, alifanya kazi Mutiso. Alikuwa na miaka kama thelathini hivi, mtu wa upande wa Kilimambogo, mrefu, msemaji wa polepole, mwenye tabia ya kupuliza mbao hata pasipokuwa na vumbi. Yeye ndiye aliyekuwa akichonga na kutia chuma ndani ya mbao, na alipomaliza, mimi nilichora, nikapaka mafuta, nikasugua kwa kiganja mpaka mbao ipate joto.

Ijumaa mke wa Bwana Harbans alituletea chapati na achari ya maembe, tukala juu ya meza ya kazi, na hapo ndipo Mutiso alipozungumza. Alinionyesha jino la chuma lililo chini ya mtutu, ambalo kazi yake ni kupokea teke na kulikabidhi kwa mbao. Jino hilo lilipaswa kuegemea mbao barabara, bila nafasi hata ya unywele, na ili kulikalisha hivyo alilipaka masizi ya taa, akaligandamiza, akaliondoa, akakwangua mbao palipobaki doa jeusi, akarudia tena na tena hadi jioni. Lakini nyuma kabisa, kwenye mkia wa chuma unaoingia karibu na shingo, aliacha nafasi nyembamba kama karatasi. "Jino lishike, mkia upumue," alisema akimega chapati. "Mkia ukigusa mbao unakuwa kabari. Kila risasi ni nyundo moja juu ya kabari. Si umeona kuni zinavyopasuliwa?" Na kuhusu nyuzi za mbao alisisitiza kuliko kitu kingine chochote: kwenye shingo lazima zinyooke, zipite kutoka mbele hadi nyuma kama maji ya mfereji. Nyuzi zikikata shingo kwa mshazari, hata uweke bolti ngapi, umeweka mlango pale teke litakapotokea.

Ndiyo maana sijaacha kushangaa alichokifanya mwaka ule. Bwana Rolf, mwindaji aliyeongoza wageni na ambaye kitako chake cha zamani kilikuwa kimechakaa, alileta bunduki yake tuitengenezee kipya. Mutiso alishusha kutoka kwenye boriti kipande cha mjozi nilichokuwa sijakiona. Alipokilowesha kwa mate na kusugua, mbao ilifunguka: mawimbi meusi na ya dhahabu, kama moshi uliosimama. Nilimwona akikigeuza huku na huku, akikileta mwangani, akikirudisha. Kwa sehemu kubwa nyuzi zake zilinyooka. Kwenye shingo zilipinda kidogo. "Ni kidogo tu," alisema, ingawa sikuwa nimemuuliza. Bwana Harbans naye alikitazama, akasema, "Ni kizuri sana. Unaonaje shingo?" Mutiso akasema shingo itashika, ataweka bolti mbili za kukingama. Akafanya kazi ile kwa wiki nyingi kwa upendo ambao uliniumiza kidogo kuutazama. Nami nilichora juu yake michoro bora kuliko yote niliyopata kuchora. Hakuna kati yetu aliyekuwa amewahi kumiliki kitu kizuri namna ile, na kwa majuma yale machache kilikuwa chetu.

Aliyekuja kukichukua alikuwa Nzioka, mdogo wake Mutiso. Nzioka alikuwa mbeba bunduki wa Bwana Rolf: yeye ndiye aliyetembea hatua moja nyuma yake porini na kumpa silaha alipoihitaji. Alikuwa mfupi, mcheshi, mwenye sauti iliyojaza karakana yote. Alikula githeri yetu ya mahindi na maharagwe bila kukaribishwa, akapitisha kidole juu ya mbao, akasema, "Kaka, hii umemtengenezea mzungu au umemtengenezea bibi harusi?" Mutiso alijifanya amekasirika. Kisha akamfungia bunduki ndani ya blanketi kwa mikono yake mwenyewe, akamwonyesha namna ya kuibeba, kana kwamba mdogo wake hakuwa ameibeba miaka yote.

Habari zilifika msimu wa kiangazi, zikiletwa na dereva wa Bwana Rolf, aliyesimama mlangoni na kofia mkononi. Nyati aliyejeruhiwa aliwatokea vichakani. Bwana Rolf alipiga risasi ya kwanza, kitako kikapasuka shingoni, bunduki ikamgeukia mikononi kama jembe lililotoka mpini. Hakuweza kupiga ya pili. Nzioka alijitupa mbele kumvuta nyati upande mwingine, na nyati akaenda naye. Dereva aliyasema hayo kwa mfululizo mmoja, huku akitazama sakafu. Mutiso aliendelea kukunja na kukunjua kitambaa cha kufutia mafuta. Baadaye akauliza, "Kitako kiko wapi?" Hakuuliza mwili uko wapi. Nafikiri aliogopa jibu la swali lile jingine, na kitako kilikuwa kitu anachokijua.

Alienda kuzika, akarudi. Bunduki nayo ilirudi, vipande viwili ndani ya blanketi lile lile. Bwana Harbans alitaka kuificha hadi Mutiso apone kidogo, akasema kitako kipya atakitengeneza mwenyewe. Mutiso akakataa. "Hii ni kazi yangu, Bwana. Kama hutaki niifanye hapa, nitaifanya kwangu." Aliweka vipande juu ya meza, akaviangalia mchana wote bila kuvigusa. Ufa ulikuwa umefuata nyuzi za mbao pale pale zilipopinda, na ulikuwa umekata katikati ya michoro yangu. Kuanzia siku hiyo alifika kazini kabla yetu na kuondoka baada yetu. Alikonda. Ijumaa alisukuma sahani ya chapati upande wangu. Mtu aliyechoka kwa kazi hulala, lakini Mutiso alikuwa na uchovu wa mtu anayebeba kitu asichojua pa kukiweka chini, na uchovu wa namna hiyo huwachosha hata wanaoketi karibu naye.

Kile cha kwanza tulikuwa tumekinakili kutoka kitako chake cha zamani; safari hii tulihitaji vipimo vya mwili wa Bwana Rolf: urefu wa mkono, upana wa bega, mahali shavu linapokaa. Bwana Harbans hakutaka Mutiso aonane naye, kwa hiyo alinichukua mimi hadi ile hoteli ya zamani karibu na maporomoko ya Chania, ambako Bwana Rolf alikuwa akikaa. Tulimkuta kwenye veranda, amefungwa bendeji kwenye kifundo cha mkono. Nilimpima. Alinuka pombe na sabuni. Nilipomaliza nilisogea pembeni kuandika vipimo, na wao, labda wakidhani maporomoko yanafunika sauti zao, wakaendelea kuzungumza. Bwana Rolf alisema bunduki ilikuwa imeanguka kutoka kwenye gari siku moja kabla, juu ya mawe. Aliona mstari mwembamba shingoni. Nzioka naye aliuona, akamwambia warudi kambini wachukue bunduki nyingine. Yeye akasema ni mkwaruzo tu, wageni wanasubiri. Alipofika hapo aliweka chini kikombe chake cha chai. "Mwambie fundi wako si kosa lake," alisema. Kisha akaongeza, "Au usimwambie. Kwa sababu itabidi useme ni la nani."

Ndani ya gari Bwana Harbans aliendesha polepole kuliko kawaida. Tulipovuka daraja akaniuliza nimesikia nini. Nikamwambia nimesikia yote. Akatikisa kichwa. "Mimi ni mtu wa biashara, Nyambura. Huyu akikasirika, wawindaji wote wataondoka kwangu. Lakini sitakufunga mdomo." Nimefikiria maneno hayo mara nyingi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka kabla ya safari kuanza, na aliniachia mimi mzigo kwa adabu.

Nilimwambia Mutiso kesho yake, tukiwa tumekaa nje juu ya magogo wakati wa chakula. Nilitegemea atalia, au atasimama aende Chania kumtafuta yule mtu. Alinisikiliza hadi mwisho, akapuliza kiganja chake kama alivyopuliza mbao.

"Kwa hiyo ilianguka," alisema.

"Ilianguka, na waliuona ufa. Nzioka mwenyewe aliuona. Si wewe, Mutiso."

"Nyambura, kitako chenye nyuzi zilizonyooka kikianguka kinachubuka. Kile kilipata ufa. Yeye alifanya lake, na mimi nilifanya langu. Sasa unataka nimpe langu abebe yote mawili?"

Nimewahi kuwauliza swali hilo watu wawili watatu wenye busara, bila kutaja majina, na kila mmoja amenijibu kwa haraka mno.

Kitako cha pili hakikuwa na uzuri wa kuvutia jicho. Alichagua mjozi mweusi usio na wimbi lolote, nyuzi zimenyooka kama kamba iliyokazwa. Alikipasua kipande cha pembeni kwa shoka kwanza, kuona mbao yenyewe inataka kwenda wapi, ndipo akachora shingo ifuate njia hiyo. Aliongeza jino la pili la chuma chini ya mtutu, ili teke ligawanywe. Akaweka bolti za kukingama, moja nyuma ya kila jino, na shingo akaiacha nene, ya mkono wa mtu mzima. Akalaza chuma juu ya gundi ngumu iliyokuja kwenye mikebe miwili ya kuchanganywa, mpaka chuma na mbao vikawa kitu kimoja, isipokuwa kule mkiani, alikoacha nafasi ya kupumua. Nilipomaliza kuchora, alipitisha kidole gumba juu ya michoro yangu, akasema asante. Alikuwa hajawahi kunishukuru kwa kazi.

Vitako vyote tulivijaribia kwenye timbo la mawe lililoachwa, upande wa Ruiru, ambako Bwana Harbans alikuwa na kibali. Kwa kawaida Mutiso alipiga risasi chache, tukavua chuma, tukakagua mbao, tukarudi. Siku hiyo alipiga, tukakagua, hapakuwa na kitu. Akapiga tena. Kila risasi ilimsukuma nyuma hatua nzima na mlio ukazunguka ukuta wa mawe kabla ya kutoka. Bwana Harbans akasema, "Inatosha, Mutiso." Hakusikia, au alisikia. Shati lake lilianza kushika doa la damu begani. Nilielewa kwamba sasa hakuwa akiijaribu mbao.

Nilikwenda nikasimama mbele yake, nikamnyooshea mikono. "Nipe." Akaniambia itanivunja. Nikamwambia anionyeshe basi namna ya kusimama isinivunje. Sijui kwa nini alikubali. Alinipangia miguu, akanisukuma bega mbele, akaniambia niegemee bunduki kama ninayesukuma mlango uliokwama, nisiisubiri. Nilipofyatua sikusikia mlio. Nilihisi kitu kama kichwa cha ng'ombe kikinigonga mwili mzima, meno yakagongana, mbingu ikaruka mahali pake. Nilijikuta bado nimesimama. Machozi yalikuwa yananitoka bila mimi kulia. Mutiso aliichukua bunduki mikononi mwangu, akatoa risasi zilizobaki, akazitia mfukoni mwa Bwana Harbans. Tulipovua chuma, mbao ilikuwa vile vile. Tukarudi Thika.

Bwana Rolf alikuja mwenyewe kuichukua. Mutiso hakujificha. Alimpa bunduki kwa mikono miwili, kama inavyostahili kumpa mtu kitu, akamwambia kwa Kiswahili cha taratibu, "Hii haitapasuka. Lakini ikianguka, itazame. Na mtu anayetembea nyuma yako akikwambia kuna ufa, msikilize." Uso wa Bwana Rolf ulibadilika rangi. Alinitazama mimi, kisha Bwana Harbans, kisha akarudi kwa Mutiso. "Nitamsikiliza," alisema. Akaichukua bunduki akaondoka. Haukupita muda redio ikatangaza kwamba uwindaji umepigwa marufuku nchini kote. Wawindaji wakahamia kusini na kwingineko, Bwana Rolf miongoni mwao, na sikusikia habari zake tena. Karakana ilihangaika na viti na mipini ya shoka, halafu ikafungwa. Mutiso alihamia Ruiru akatengeneza milango na vitanda maisha yake yote, na mimi nikaolewa, nikafungua duka la vitambaa, nikazeeka.

Lakini mwaka ule kwangu haukuishia kwenye redio. Jumapili moja kabla karakana haijafungwa, Mutiso aliniomba nimsindikize kwao Kilimambogo. Tangu mazishi hakuwa amerudi. Alitaka kumweleza mama yake ni nani aliyeitengeneza mbao ile, maana mama hakujua, na alitaka awepo mtu wa kumzuia asigeuke njiani. Tulimkuta mama ameketi nje kwenye kivuli cha nyumba akipepeta muthokoi, mahindi yaliyotwangwa kuondoa maganda. Mutiso hakusubiri hata maji. Alichuchumaa mbele yake akamweleza yote kwa Kikamba, shingo, nyuzi, uzuri wa mbao, kuanguka kwa bunduki, yote, na ingawa sikuielewa lugha vizuri nilijua kila mahali alipofika, kwa sababu mikono yake ilikuwa ikionyesha.

Mama alisikiliza bila kuacha kupepeta. Mutiso alipomaliza, mama aliweka ungo chini, akanigeukia mimi akasema kwa Kiswahili, labda ili niwe shahidi, "Huyu anakula huko kwenu?"

"Kidogo, mama."

"Analala?"

"Hasemi. Lakini macho yake hayaonyeshi kulala."

Akamrudia mwanawe, akamshika kidevu kama mtoto. "Nzioka nimemzika," alisema, bado kwa Kiswahili. "Wewe usiniletee maiti inayotembea. Sina nguvu ya kuchimba tena." Hakumwambia ana kosa wala hana. Aliingia ndani, akatoka na bakuli la muthokoi na kijiko, akakaa akimtazama mpaka akala lote. Kisha akatandika mkeka pale kivulini, akampiga bega kidogo, bega lile lile lililopokea mateke ya bunduki, na Mutiso akajilaza na viatu vyake. Alishikwa na usingizi kabla hata hajaukunja mkono chini ya kichwa. Mama alinisogezea ungo tukashika kila mtu upande wake. Kuku walipita, jirani akapiga hodi akanyamazishwa kwa kidole. Kivuli kilipohama, tuliuvuta mkeka pamoja naye, polepole, mimi kichwani na mama miguuni, tukaendelea na mahindi.